Mlango wa Kufuli Mbili

Jumatatu ya pili ya mwezi wa saba, saa nne na robo asubuhi, Adolphine alibana kufuli yake kwenye mlango wa kasho ya Elumba, na ndani ya kasho hiyo alikuwamo mwanamke ambaye hakuwa amemkosea mtu yeyote. Tuanze hapo. Yeye mwenyewe akisimulia huanza hapo, na hapendi msikilizaji amwonee huruma kabla hajalijua hilo.

Elumba ni kijiji cha kando ya ziwa, kati ya Mboko na Baraka: nyumba zimefuata barabara, mihogo iko mlimani, ndagala, yaani dagaa, wako majini. Kasho ni mahabusu ya kijiji, chumba kimoja cha matofali nyuma ya ofisi ya chifu, na dirisha lake la nondo halizidi ukubwa wa sinia. Anayewekwa humo anasubiri tu polisi waje kumchukua kutoka Baraka. Ndivyo ilivyokusudiwa. Lakini barabara ni mbovu, mafuta ya pikipiki hayapatikani kila siku, na zamani mtu aliweza kusubiri humo hadi ndevu zake zikamfikia kifuani.

Adolphine ana miaka hamsini na miwili, ni mjane, na ni sekretere wa kijiji. Vita vya mwaka tisini na sita vilimvusha ziwa akiwa msichana, akaishi kambini Tanzania zaidi ya miaka kumi, akafundisha watoto kusoma chini ya turubai, akaolewa huko, akazika mume huko. Aliporudi na watoto wake wawili, Bertin na Divine, hakuwa na shamba wala mtumbwi. Alikuwa na mwandiko mzuri, na Kiswahili ambacho watu wa Elumba walisema kimepigwa pasi. Wakamcheka, kisha wakampa daftari la kijiji.

Kuhusu zile kufuli mbili, habari yake ni hii. Chifu aliyetangulia, marehemu sasa, alimfungia mtu mmoja siku kumi na moja kwa sababu alicheka kwenye mkutano. Siku ya kumi na mbili watu walipouliza, hakuna aliyeweza kusema aliingizwa lini wala kwa kosa gani, kwa kuwa hakuna aliyeandika. Muda si mrefu akaja mwalimu mmoja kutoka Baraka na vijitabu vya katiba vilivyoandikwa Kiswahili. Akasoma uwanjani siku mbili nzima. Kwamba madaraka ni ya wananchi na kiongozi ameazimwa tu. Kwamba hakuna aliye juu ya sheria. Kwamba mtu hakamatwi kwa kosa la mwenzake. Kwamba aliyekamatwa hapiti saa arobaini na nane bila kuachiliwa au kufikishwa kwa wenye haki ya kumhukumu. Watu wakamsikiliza kwa uvumilivu wa watu walioahidiwa soda. Katika Kongo hii kila mtu anajua ibara moja tu, ile ya kumi na tano ya mzaha, inayosema jisaidie mwenyewe.

Hapo ndipo Adolphine alipoinuka na Divine mgongoni, akauliza swali lililomfanya mwalimu afunge kitabu.

"Kwa kanisa yetu, sanduku ya matoleo iko na kufuli mbili," alisema. "Moja ya pasta, moja ya shemasi. Hakuna mwenye anafungua peke yake. Sasa, kama hatumwachie pasta sanduku, mbona tunamwachia chef muntu?"

Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka. Wiki iliyofuata fundi akaongeza komeo la pili kwenye mlango wa kasho. Ikakubaliwa kwamba ufunguo mmoja unakaa na chifu na mwingine unakaa na sekretere. Kwamba mlango haufungwi bila wote wawili kukubali, na haufunguliwi bila wote wawili. Kwamba jina, saa na kosa vinaandikwa daftarini papo hapo. Na kwamba kila Ijumaa nakala ya ukurasa inapanda pikipiki kwenda kwa mwendesha mashtaka Baraka. Makaratasi ya kanuni hizo yakabandikwa ukutani. Mchwa walikula pembe moja, lakini maneno yakabaki.

Kwa miaka kumi na minne Adolphine alikataa kufunga mara saba. Chifu wa sasa, Isidore, ni mwanamume mnene mwenye sauti tamu, hodari wa kukuomba pole kabla hajakukosea. Mwaka fulani alitaka kumlaza ndani mama mmoja aliyemwambia mbele za watu kwamba suruali yake imepasuka nyuma. Suruali ilikuwa imepasuka kweli. Adolphine aliiweka kufuli yake juu ya kiti, akaikalia, akaendelea kuandika vyeti vya kuzaliwa mpaka chifu akachoka kusimama. Alilifurahia jambo lile, tusimsingizie unyenyekevu. Alitembea sokoni siku ile kidevu kikiwa juu.

Sasa Jumatatu ile.

Bertin, mwanawe wa kwanza, ana mtumbwi wa kuvulia ndagala. Irambona, mkimbizi kutoka Burundi, alikuwa mvuvi wake kwa miaka mitatu. Asubuhi hiyo, walipokuwa wakikausha nyavu, Bertin alimwambia kwamba kuanzia kesho nafasi yake ataichukua binamu. Angeishia hapo ingekuwa ugomvi wa kawaida. Lakini akaongeza, mbele ya ufuo mzima, neno moja kuhusu watu wanaokimbia kwao wakaja kushiba kwa wenzao. Irambona aliinua kafi akampiga nalo usoni mara mbili. Bertin akaanguka kifudifudi majini. Walipomaliza kumvuta, Irambona alikuwa ameshakimbilia mlimani.

Adolphine alifika na kumkuta mwanawe amelazwa juu ya nyavu, nusu ya uso haionekani kwa damu. Akapiga magoti, akamwita, hakuitika. Wakati vijana wanatafuta pikipiki mbili za kumbeba hadi Baraka, chifu Isidore alikuja kwa nyuma akamgusa bega. Alikuwa na askari wake wawili wa kijiji, na katikati yao mwanamke mwembamba mwenye udongo wa shamba mpaka kwenye magoti. Ni Kanyange, dada yake Irambona, kibarua wa kupalilia mihogo.

"Mama Bertin," chifu alisema kwa ile sauti yake, "tukimushika huyu, yule atatoka mwenyewe. Leta funguo."

Adolphine hakuuliza kitu. Alitembea mpaka kasho, akaibana kufuli, akafungua daftari. Kwenye safu ya jina akaandika Kanyange. Kwenye safu ya saa akaandika saa nne na robo. Kwenye safu ya kosa, kwa mwandiko ule ule mzuri, akaandika: ndugu ya Irambona. Kisha akapanda pikipiki nyuma ya mwanawe, na njia nzima hadi Baraka alitamani Irambona afe.

Hospitalini alikaa siku hiyo na kesho yake yote. Bertin alizinduka Jumanne mchana. Daktari alisema fuvu ni zima, lakini jicho la kushoto hawezi kuliahidi. Divine, mdogo wake Bertin, alikuwa ameacha meza yake ya kushonea ili amwuguze kaka yake, na ndiye aliyekuwa akimnywesha uji kwa kijiko. Neno la kwanza la maana Bertin alilosema lilikuwa hili:

"Bamemupata?"

"Bameshika dada yake," mama yake alijibu.

Bertin akafumba jicho lisilofungwa bendeji. "Vizuri," alisema. "Atatoka."

Adolphine naye aliona vizuri. Alilala usingizi wake wote sakafuni kando ya kitanda.

Jumatano alfajiri alirudi Elumba kuchukua nguo safi. Saa mbili akapita ofisini, kwa sababu kulikuwa na baba aliyemngoja tangu Jumatatu amwandikie mtoto. Akafungua daftari. Cheti cha mtoto kilitakiwa kwenye ukurasa mwingine, lakini daftari lilifunguka pale lilipofungwa mara ya mwisho, na macho yake yakatua kwenye safu ya kosa. Akasoma. Akasoma tena. Yule baba alikuwa akimtajia jina la mtoto, Chérie, mara ya pili, mara ya tatu, na sekretere hasikii. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alimwandikia mtoto cheti, akaenda nyuma kwenye kasho.

Kanyange alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Ndoo ilikuwa pembeni, na harufu yake ilikuwa imejaa chumbani. Alipoona uso wa Adolphine dirishani alijaribu kusimama kwa heshima, akashindwa, akakaa tena.

"Mama, mutoto yako anaendelea namuna gani?" aliuliza.

Adolphine hakutegemea swali hilo. "Iko muzima," alisema. "Jicho tu."

"Nasikitika, Mama. Kweli." Kanyange alitazama mlango. "Batoto bangu babili bako peke yabo kwa nyumba tangu siku ile. Mukubwa iko na miaka sita. Majirani balisema batabapa chakula, lakini mi sijui kama balibapa. Siombi kutoka. Naomba tu muntu aende abaone."

Adolphine alishika nondo za dirisha. Nia yake ilikuwa kuuliza kama Kanyange alijua ndugu yake angepiga mtu, kama alimficha, kama alimpa chakula, chochote cha kuandika kwenye ile safu badala ya kile alichoandika. Hakuuliza. Alijua jibu, na alijua pia kwamba swali lenyewe lilikuwa la kujitafutia pa kujificha.

Saa tatu kasorobo aliingia ofisini kwa chifu. Isidore alikuwa na mgeni, mchungaji Néhémie, mwenye kanisa dogo huko juu mashambani ambako wakimbizi wengi wanasali. Viatu vyake vilikuwa na matope, na hakuwa amekubali kukaa.

"Mama Bertin, umefika wakati muzuri," chifu alisema. "Pasta, rudia."

Néhémie alimtazama Adolphine kwa huzuni. "Irambona alikuja kwangu jana. Anajua dada yake eko ndani, na anajua batoto bako peke yabo. Analia kama mutoto. Anasema atashuka, atajitoa. Anaogopa vijana ba hapa batamuua njiani. Ameomba paka kesho, nitembee naye mi mwenyewe."

"Umesikia?" Isidore aliegemea kiti. "Kesho. Siku moja tu. Kesho tunaye, polisi banakuja, mutoto yako anapata haki yake. Dada yake anarudi nyumbani. Kila muntu anafurahi."

Hapa msomaji asimfanye Adolphine malaika. Aliposikia neno kesho moyo wake uliruka kwa furaha. Aliona uso wa Bertin uliofungwa bendeji, akamwona Irambona mikono nyuma, na akajua kwamba jambo hilo linawezekana kabisa, liko umbali wa siku moja, na yeye hatakiwi kufanya lolote. Atoke tu mle ofisini, apande pikipiki, arudi hospitalini.

"Saa ine na robo siku mbili zinaisha," alisema.

"Nani anahesabu?" chifu akauliza kwa upole.

"Mi. Ndiyo kazi munanipa."

"Dada yangu." Isidore alishusha sauti. "Ukifungua leo, Irambona hatashuka. Ataenda kwake. Unajua vile."

"Najua."

"Basi?"

"Basi huyu mwanamuke hakupiga muntu, Chef. Hata akikaa mwaka muzima, hatakuwa amepiga muntu. Na kama ni siku tatu leo, ya mwingine itakuwa kumi. Mi nilikosa. Tufungue."

Chifu hakukasirika. Alitabasamu, na tabasamu hilo lilimtisha Adolphine kuliko makelele. "Mi sifungui," alisema. "Na peke yako huwezi. Kanuni ni yako mwenyewe, iko ukutani: bote babili."

Alipotoka nje, uwanja ulikuwa umejaa. Sijui nani alikwenda ufukweni kusema kwamba sekretere anataka kumwachilia Mrundi, ila maneno ya namna hiyo hayahitaji pikipiki. Walikuwa vijana wa mitumbwi kama arobaini, wengine wakiwa bado na magamba ya samaki mikononi, na nyuma yao wanawake wa soko. Wengi wao Adolphine alikuwa amewaandikia vyeti vya kuzaliwa. Walikuwa wameuzunguka mlango wa kasho nusu duara. Mmoja alikuwa na jiwe, na hakulificha.

Saa ya ukutani ndani ya ofisi ilikuwa imefika saa tatu na dakika hamsini.

"Mama Bertin," yule mwenye jiwe alisema, "sisi tuko hapa ju ya mutoto yako. Bertin ni mwenzetu. Tunakupigania we. Na we unataka kufungulia batu benye balimuumiza?"

Alikuwa mama yao wote pale, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama kama mama. Aliogopa, na alisema hivyo. "Ninaogopa," aliwaambia, "lakini nitasema."

Alifungua daftari mbele yao. Akawasomea jina. Akawasomea saa. Akawasomea kosa. "Ndugu ya Irambona." Akaweka kidole kwenye mstari. "Mi niliandika hivi. Sijui kama muko na ndugu. Mi niko nao. Wengine ni bazuri, wengine munabajua."

Mwanamke mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo.

"Jumatatu sikuwa sekretere," Adolphine aliendelea. "Nilikuwa mama ya Bertin. Na mama ya Bertin hana funguo hapa. Mwenye anaumizwa hawezi kuwa ndiye anafunga. Nilipaswa kusema hapana, chef atafute mwingine wa kukaa pa nafasi yangu. Nilifunga ju nilikuwa na hasira. Kosa ya kumufunga huyu ni yangu."

Isidore alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, mikono nyuma, akisikiliza kwa makini, kwa maana si mjinga hata kidogo. "Umesema vizuri," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kama mama ya Bertin hakuwa na haki ya kufunga, mama ya Bertin hana haki ya kufungua vilevile. Funguo yako haina kazi leo. Rudi hospitali, dada. Tutaonana kesho."

Vijana wakaguna kukubali. Na kweli chifu alikuwa amemkamata. Katika ile miaka kumi na minne hakuna aliyefikiria siku ambayo aliyepigwa atakuwa mtoto wa sekretere. Karatasi ya ukutani haikuwa na neno juu ya hilo, na waliobandika walikuwa wameridhika sana na akili zao, Adolphine wa kwanza. Alisimama pale akiugeuza ufunguo mkononi. Mchungaji Néhémie alikuja akasimama kati yake na yule mwenye jiwe.

"Chef eko na haki," Adolphine alisema mwishowe. "Sifungui. Lakini kufuli yangu haikupaswa kuwa pale, na naiondoa. Ile siyo kufungua. Mulango bado unafungwa na kufuli ya chef."

Akapita kati ya vijana. Hakuna aliyemzuia, labda kwa mazoea tu. Akaitoa kufuli yake kwenye komeo la juu, akaitia mfukoni, akarudi kwenye daftari lake. Akachukua kalamu. Aliandika polepole, akisema kila neno kwa sauti ili wote wasikie.

"Jumatano. Saa ine na dakika tano. Sekretere ameondoa kufuli yake kwa sababu ilifungwa kwa makosa. Kanyange hajafanya kosa lenye linajulikana. Toka saa hii, mwenye anamushikilia ni Chef Isidore, peke yake. Saa ine na robo siku mbili zinaisha." Akageuza daftari, akamnyooshea chifu kalamu atie sahihi. "Chef, weka sini hapa. Keshokutwa ni Ijumaa, nakala inaenda Baraka."

Isidore aliitazama kalamu. "Utaandika jina yangu peke?"

"Ni kufuli yako peke."

"Sisi bote tulimushika. Kijiji kizima. Hawa vijana bote."

"Basi baje baweke sini na bo pia. Nafasi iko." Adolphine aliwageukia. "Nani anaanza? Jina, na jina ya baba."

Hakuna aliyeisogelea kalamu. Walikuwa tayari kupiga. Kuandikwa ni jambo lingine. Yule mwenye jiwe alitazama upande wa ziwa. Mwingine akakumbuka nyavu zake. Waliokuwa mbele wakaanza kujikuta nyuma. Hakuna aliyeondoka kabisa, lakini nusu duara ikafunguka.

Chifu alitoa leso akajifuta shingo. Kupitia mlango wazi wa ofisi, saa ya ukutani ilikuwa ikienda kwa kelele kuliko siku zote. Saa nne na dakika nane. Akaomba maji, akaletewa, hakunywa. Saa nne na dakika kumi na moja. Adolphine alikuwa bado amenyoosha kalamu, mkono umeanza kumuuma, na moyoni, kama alivyoniambia mtu wa nyumbani kwake, kulikuwa na sehemu yake iliyokuwa ikimwomba Isidore akatae kufungua, ili kesho Irambona ashuke.

"Utajuta," chifu alisema, si kwa ukali. "Siku mutoto yako atakuuliza, mi sitakuwa pale." Akaingiza mkono mfukoni, akaenda mlangoni mwa kasho, akafungua.

Kanyange alitoka akishika ukuta, akikunja macho kwa jua. Hakumshukuru mtu, na hakuna sababu yoyote kwa nini angeshukuru. Adolphine alimwambia ngoja, akaandika saa ya kutoka, saa nne na dakika kumi na mbili, kisha akamshika mkono. Wakapita mbele ya vijana wote, Adolphine upande wa kushoto na mchungaji upande wa kulia. Mtu alitema mate, yakaangukia gauni la Adolphine. Walitembea hivyo hivyo, bila kukimbia, hadi barabarani, hadi njia ya mashamba, hadi nyumba ya udongo ambako watoto wawili walikuwa wamekaa mlangoni. Mkubwa alipomwona mama yake hakulia. Aliingia ndani akatoka na kopo la maji.

Ijumaa habari zikafika. Irambona ameonekana Mboko akipanda mtumbwi wa mizigo. Ulikoelekea, kila mtu alikuwa na lake. Adolphine aliwaandikia polisi taarifa yote ya lile pigo, na majina ya walioona, pamoja na nakala ya ukurasa wake wa daftari bila kubadilisha herufi, akampa mwendesha pikipiki. Kesho yake, Jumamosi, ndipo alipothubutu kurudi hospitalini na kikapu cha nguo.

Bertin alikuwa ameketi kitandani. Jicho walikuwa wamelitoa Alhamisi. Divine alikuwa akimkunjia shuka miguuni, na kutokana na jinsi wote wawili walivyonyamaza aliposukuma mlango, Adolphine akajua wenzake Bertin wameshafika kabla yake na wamesema kila kitu.

Hakukaa. Aliweka kikapu chini.

"Kama mungemuacha ndani paka siku yenye ilifuata," Bertin aliuliza, "Irambona angekuja?"

"Angekuja."

"Na we ulijua?"

"Nilijua. Pasta alisema mbele yangu."

Angeweza kumwambia kwamba pengine asingekuja, kwamba watu huahidi mengi wakiwa mlimani. Bertin angeamini, au angejifanya kuamini. Hakusema.

"Basi we uko mama ya nani?" mwanawe aliuliza.

Machozi yakamtoka Adolphine, akayaacha. Bertin akageukia ukuta, akavuta shuka hadi begani. Divine alitoka nje na beseni. Wagonjwa wengine wodini wakawa na shughuli nyingi na vyandarua vyao. Adolphine akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kukunja nguo alizozileta, ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari, na akazikunja zote.

Divine akarudi na beseni limeoshwa, akainama kulisukuma chini ya kitanda. Bertin alikuwa akimtazama dada yake kwa jicho moja, juu ya bega.

"Kama bangefunga Divine," alisema, "ata mi ningetoka, nijitoe." Akagusa bendeji. "Ata kama sikupiga muntu."

Alirudisha uso ukutani, kisha akaomba maji, na alipokipokea kikombe kutoka mkononi mwa mama yake hakumtazama.